Klasi iko pale pale, mbona Java haiioni?

Ukizoea kuendesha programu za Java kwa kubonyeza kitufe cha kijani cha IntelliJ au NetBeans (programu za kuandikia msimbo), siku utakayopewa seva ya Linux yenye terminali tupu utakutana na huyu:

Error: Could not find or load main class Hesabu

Kwa vijana ninaofanya nao kazi, hakuna hitilafu ninayoitiwa mara nyingi kama hii. Ukipiga ls (amri ya kuorodhesha mafaili), Hesabu.class unaliona. Java inashikilia kwamba halipo.

Ukishaandika package tz.duka; (pakeji, yaani kundi ambalo klasi imo) juu ya faili, klasi yako haiitwi tena Hesabu. Inaitwa tz.duka.Hesabu, na jina hilo lote huandikwa ndani ya faili la .class wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa .class kwa amri ya javac. Ndiyo maana kuingia kwenye folda ya duka na kuandika java Hesabu ni kazi bure: Java inalipata faili, inalifungua, inakuta jina jingine, inakataa. Teremka mstari mmoja chini ya ujumbe ule utaona maneno wrong name. Wengi hawafiki hapo, na jibu liko hapo hapo.

Toka nje, usimame kwenye folda yenye src (folda ya msimbo wako) ndani yake, kisha:

javac -sourcepath src -d out src/tz/duka/Hesabu.java
java -cp out tz.duka.Hesabu

Hiyo -d out inapeleka mafaili ya .class kwenye out na kujenga folda za tz na duka yenyewe. Kwa -sourcepath, javac inajua pa kuzitafuta klasi nyingine ambazo Hesabu inazihitaji. Na -cp ndiyo inayowachanganya watu: kazi yake ni kuonyesha mahali pa kuanzia kutafuta, basi. Kutoka hapo Java inageuza nukta za jina kuwa folda. Ukiandika -cp out/tz/duka umeshapitiliza. Ukimalizia jina kwa .class, Java itatafuta klasi iitwayo class. Herufi kubwa na ndogo nazo zinahesabika, hata kwenye Windows.

Ukiwa na maktaba za nje:

java -cp "out:lib/*" tz.duka.Hesabu

Nyota inachukua mafaili yote ya .jar (mafurushi ya klasi) yaliyo ndani ya lib, lakini haiingii folda za ndani zaidi. Windows hutumia nukta-mkato badala ya nukta mbili. Amri ya Windows ikibandikwa kwenye Linux bila alama za kunukuu, terminali huiona nukta-mkato kama mwisho wa amri na kuikata katikati. Alama hizo ziweke kila mara.

Mafunzo ya zamani bado yanakuambia uweke CLASSPATH, yaani orodha ya kudumu ya mahali pa kutafutia klasi, kwenye mipangilio ya kompyuta. Mimi siipendi kabisa. Unaisahau, halafu programu inafanya kazi kwako tu. Tumia -cp, ambayo huifuta hiyo CLASSPATH kwa amri husika. Ila ukiendesha kwa java -jar, -cp haisikilizwi. Maktaba zinatajwa kwenye manifesti, faili la maelezo lililo ndani ya jar.

Na ukiona hitilafu ya UnsupportedClassVersionError, pakeji hazina kosa. Umekompaili kwa Java mpya kuliko ya seva. Katika namba za toleo zilizo kwenye ujumbe huo, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Rudia javac ukiongeza --release 11, au toleo lolote lililoko kule.