Re: GTA Vice City kwenye Windows 11: mausi haifanyi kazi, gari hairudi nyuma

Mkuu, mashine yako haina kosa. Gemu la 2003 hilo. Bonyeza Windows+R, andika optionalfeatures, fungua Legacy Components, tiki DirectPlay (sehemu ya zamani ya Windows inayotumiwa na magemu ya kale), kisha restati kompyuta. Wakati mwingine mausi inarudi hapo hapo.

Gari kugoma rivasi ni suala la spidi. Fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) zikizidi sana, fizikia ya gemu inavurugika. Ndani ya gemu ingia Display Setup, washa Frame Limiter, inayozuia fremu zisizidi. Watu huizima wakidhani wanaongeza ulaini!

Halafu shusha SilentPatch, kiraka kinachorekebisha makosa ya gemu, ni ya bure. Nakili faili zake kwenye folda yenye gta-vc.exe. Ila usiliweke gemu Program Files, Windows inabana sana kule. Tengeneza folda yake C:\Games.