Mwaka wa kwanza usitume kitu: barua kwa binti yangu anayekwenda Tharandt, Ujerumani, kusomea misitu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi, na michungwa mwaka huu imezaa vizuri. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma nikiwa sokoni, nikaona huu haufai kujibiwa kwa simu, kelele zitatupotezea maana. Uliniuliza hivi: "Mama, wote walionichangia wananitazama. Nikifika Ujerumani nianze kutuma pesa lini, na kiasi gani? Na shangazi akiomba nimjibu nini?"

Jibu langu hili hapa. Mwaka wa kwanza hutumi kitu. Si kwangu, si kwa bibi, si kwa shangazi. Mwaka wa pili tutakaa mimi na wewe tuitazame hesabu. Na mtu akitaka kujua sababu, mwambie mama amekataza.

Sasa sababu zenyewe. Unajua nimekaa na vitabu vya hesabu vya halmashauri mpaka nikastaafu, kwa hiyo karatasi za viza ulizoniachia sikuzifungia kabatini. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na kalamu mkononi.

Ubalozi ulitaka tuoneshe euro 11,904 kwenye ile akaunti ya zuio. Fedha ni yako lakini huichoti utakavyo. Kila mwezi unaachiwa euro 992, basi. Ukizigeuza kuwa shilingi unapata karibu milioni tatu. Hapo ndipo taabu inapoanza. Baba yako mdogo alipoisikia "milioni tatu kwa mwezi" kwenye kikao alinyamaza kabisa, nikajua anapiga hesabu. Simlaumu. Hapa kwetu mwenye milioni tatu kila mwezi ni mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Ila wewe hutakula Muheza wala hutapanga Muheza.

Nimekupangia huo mwezi kwa euro, na nakuomba uache kabisa tabia ya kugeuza kila kitu kuwa shilingi, maana itakufanya ushinde na njaa au ujione tajiri, na vyote viwili ni uongo. Chumba cha bweni la wanafunzi weka 300. Bima ya afya ni ya lazima, hawakuandikishi chuoni bila hiyo; weka 150. Ada ya masomo hudaiwi, lakini kuna mchango wa muhula wa kama euro 300 unaolipwa mara mbili kwa mwaka, nimeugawa kwa miezi ukawa 50. Chakula 220 ukipika mwenyewe, na utapika mwenyewe. Kisha kuna tozo ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna redio wala televisheni. Hiyo nilidhani nimesoma vibaya. Ukikaa na wenzako nyumba moja mnagawana, kwa hiyo waulize mapema nani analipa. Toa simu, sabuni, nguo za baridi, dawa, nauli pale tiketi ya chuo isipofika, na safari za mafunzo msituni. Mwezi ambao hakuna kilichoharibika unabakiwa na euro mia moja na kitu.

Hiyo mia moja na kitu ndiyo watu wanaitazama. Nami nakwambia ina mwenyewe tayari.

Akaunti ya zuio ni ya mwaka mmoja, na shahada yako ya uzamili ni miaka miwili. Utakapokwenda kuhuisha kibali cha kukaa, ofisi ya wageni itakuuliza tena: utaishi kwa nini mwaka unaofuata? Na watataka karatasi, si maneno. Mara hii nusu ya shamba la michungwa imekwishauzwa, na kiinua mgongo changu unajua kilikokwenda. Fedha ya mwaka wa pili lazima sehemu yake uijenge wewe, kidogo kidogo, kuanzia mwezi wa kwanza. Mtoto anayetuma nyumbani laki moja moja kila mwezi anashangiliwa mwaka mzima, halafu siku ya kibali anapiga simu usiku analia. Hao washangiliaji hapo hawana kitu cha kumpa.

Najua utasema, basi nitafanya kazi. Utafanya, wala sikukatazi. Sheria yao tangu Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi kama wewe siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Nimeona wewe na wenzako mnavyozizidisha hizo namba kwenye simu. Sasa zidisha na hii. Shahada yako ina pointi 120, kila muhula 30, na kila pointi moja wao wanaihesabu kuwa saa 30 za kusoma. Muhula mmoja ni saa 900. Ukizigawa kwa wiki ni kazi kamili, ya kuripoti asubuhi na kutoka jioni, kabla hujaosha sahani ya mtu yeyote. Ndiyo maana nataka muhula wa kwanza usome tu. Wa pili tafuta kazi, na uanzie kwenye idara yako mwenyewe. Walimu wa kule huajiri wanafunzi kuwasaidia kwenye maabara, vitabu na takwimu. Ghala na usafi wa usiku viache kwa likizo.

Mitihani yao nayo si ya kujaribiwa. Alama ya juu ni 1.0, ya chini ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kufeli, kwa hiyo ukiona moja usishtuke. Unajiandikisha mwenyewe kwa kila mtihani, na tarehe ikipita hakuna wa kukuita ofisini. Nafasi za kurudia zina idadi. Ukizimaliza kwenye somo la lazima umeondoka kwenye kozi, na kibali kinachotegemea masomo kinayumba siku hiyohiyo. Hakuna barua ya mzazi itakayosaidia.

Mjomba wako aliyesoma misitu Norway, pale Ås, miaka ya 1980, anamkumbuka mwenzao mmoja hodari kuliko wote. Wakati ule huku sukari na sabuni ni foleni, na kila barua kutoka nyumbani ilikuwa orodha. Yule bwana akawa anafanya usafi usiku, anatuma redio, vitambaa, baiskeli. Kijijini kwao alisifiwa sana. Shahada hakurudi nayo. Mjomba anasema waliompokea uwanja wa ndege hawakumuuliza habari za masomo hata mmoja.

Nikuondolee sasa mzigo wa michango, maana naona ndio uliokuandikisha ule ujumbe. Daftari ninalo mimi. Kila aliyetoa nimemwandika, na kila mmoja nilimuuliza palepale: hii ni zawadi au mkopo? Wote walisema zawadi, wengine mbele ya mashahidi, pamoja na shangazi yako. Aliyetoa elfu kumi na aliyetoa laki tano wamo ukurasa mmoja, na hakuna safu ya marejesho. Mkopo ni mmoja tu, wa SACCOS, na jina lililoandikwa pale ni langu. Nautoa kwenye pensheni. Usiniulize umebaki kiasi gani, nikitaka ujue nitakwambia.

Watakupigia, lakini. Mtu akikuomba usiseme "nitaona" wala "mwezi ujao inshallah". Ukisema hivyo umeshaahidi, na ahadi ya mtu aliye Ulaya inakopewa dukani. Sema: "Shikamoo shangazi. Mambo ya fedha ameyashika mama, mimi amenizuia, naomba uzungumze naye." Kisha muulize habari za watoto. Atakasirika, na atakuja kwangu, na mimi nipo barazani namngoja. Mimi nimeshazoea kuitwa mchoyo. Mhasibu yeyote wa halmashauri amezoea. Wewe bado una umri wa kupendwa na kila mtu, utumie.

Habari za ugonjwa na msiba nitakwambia mimi, kwa sauti yangu. Mtu mwingine akikwambia bibi amelazwa, nipigie kwanza kabla hujafungua pochi. Hapa hapana siri nitakayokuficha ili usome vizuri. Nakuahidi hilo, ili nawe usilale ukiwaza tunakuficha nini.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawaambiwi. Ukifika, fedha ya zuio haiko mfukoni mwako. Kwanza upate pa kukaa, mwenye nyumba akuandikie karatasi ya uthibitisho, uende ofisi ya mji kujiandikisha ndani ya wiki mbili, ufungue akaunti ya kawaida ya benki, ndipo zile 992 zianze kushuka. Yaweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati huo mwenye nyumba anataka dhamana na kodi ya mwezi wa kwanza. Michango yote iliyobaki baada ya tiketi nimeiweka kwa ajili ya wiki hizo. Usiiguse kwa simu mpya.

Koti usinunue dukani Dar. Mjomba atapita soko la Memorial, Moshi, akuchagulie la mtumba, zito, lenye kofia. Mengi ya makoti yale yametoka hukohuko, acha lirudi kwao. Viatu ununue kule, vya kwetu havijui barafu.

Kuhusu kuzoea sina mengi, sijaishi huko. Nakupa ya mjomba. Anasema baridi inavumilika, kinachomshinda mtu ni giza. Desemba huko Dresden, mji wa jirani na Tharandt, mchana una saa nane hivi, nawe umezoea kumi na mbili mwaka mzima. Utoke nje kila siku saa sita mchana hata kama jua halionekani, usile peke yako siku nzima, na usiamue jambo kubwa kati ya Novemba na Februari. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Mwalimu akikaa kimya hajakuchukia. Akiuliza swali darasani jibu, hata kama ungali unafikiri. Adabu yetu ya kumngoja mkubwa amalize kule inasomwa kuwa hujui. Kijerumani chako cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, kisimame pale kwa sababu kozi ni ya Kiingereza? Hapana. Daktari na mtu wa benki hawasomi kozi yako.

Shule yenyewe ya Tharandt ina umri. Heinrich Cotta aliipeleka pale mwaka 1811, na Wajerumani waliokuja kwetu na elimu yao ya misitu walikuta Usambara tayari ina wenyewe wanaojua miti yao. Taasisi ya Amani wakaifungua mwaka 1902, hapo juu tu, unapotoka wewe. Kwa hiyo usiingie darasani kama mtu aliyekwenda kuomba. Yale maua madogo ya zambarau ya porini Amani, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na mkuu wa wilaya wa Tanga, yakapewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Leo utayakuta kwenye vyungu madirishani kwa vikongwe wao. Ukiwa mpweke, kabishe hodi kwa mmoja wa hao vikongwe, umwambie kwenu ni wapi. Nadhani atakupa chai.

Vyeti vya SUA, vya NECTA na cha kuzaliwa, nakala halisi ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Nakala nyingine niachie mimi. Na kabla hujasaini kitu chochote cha kubadili kozi ukiwa huko, kumbuka siku ukirudi shahada hiyo itapita TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambuliwa, kwa hiyo tunza kila karatasi wanayokupa, hata zinazoonekana za kipuuzi.

Simu tupige Jumamosi. Kwa sasa wao wako nyuma yetu saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba watarudisha saa nyuma, zitakuwa mbili. Usije ukaniamsha.

Ukija wiki ijayo pitia Korogwe kwa mjomba umwachie kipimo cha koti, na uje na pasipoti tukaitolee nakala kwa yule kijana wa stesheni. Shangazi yako usimjibu. Namwendea mimi leo jioni, nimechuma machungwa ya kumpelekea, maana mazungumzo yatakuwa marefu.

Mama yako
Muheza