Blackjack ya mashindano na ya meza ya kawaida: hiyo fomula umeuziwa mbuzi kwenye gunia

SWALI: Habari kaka. Niko Texas, mwezi ujao naenda Las Vegas, nimelipia dola 100 kuingia mashindano ya blackjack. Meza za kawaida nazimudu, chati ya lini uombe karata na lini ubaki ninayo kichwani. Kuna jamaa kaniuzia fomula ya kubeti huko WhatsApp, anasema inapiga kotekote. Kwani kuna tofauti kubwa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Nimekuwa dila (mgawa karata wa kasino) kwenye hizo meza miaka kadhaa na hilo neno "inapiga kotekote" ndio linanichosha kuliko yote, maana kila wiki naliona linakuja mezani na hela ya mtu.

Meza ya kawaida unacheza na dila, nani akaribie 21 bila kuzidi (ukizidi umepigwa), jirani yako akishinda au akifilisika hakikuhusu. Kwenye mashindano dila ni kama mvua tu, anawanyeshea wote, unayeshindana naye ni huyo mliyegusana viwiko. Mnaanza na chipu (vile vidude vya kubetia) sawa, hazibadilishwi hela, mnacheza mikono, yaani raundi, ya idadi iliyopangwa, labda 25, kisha mwenye rundo kubwa anapita. Hiyo chati yako itakufikisha katikati tu, mwisho ni kuhesabu rundo la mwenzako.

Chukua mkono wa mwisho. Yeye ana 1,000, wewe 900, na yeye ndiye anatangulia kubeti (kuna kibati kinazunguka kuonyesha nani aanze, kiangalie sana hicho). Kaweka 200. Wengi hapa wanarusha kila kitu. Wewe weka 50. Akipigwa anabaki na 800, na wewe hata ukipigwa una 850, umepita. Na dila anashinda mkono mara nyingi kuliko mchezaji, kwa hiyo umejiweka upande wa dila, kitu ambacho meza ya kawaida hakipo kabisa.

Kinyume chake pia kipo. Nimeshaona mtu ana 19 akadabo (unaongeza dau mara mbili na lazima uchukue karata moja zaidi), kwa sababu alikuwa nyuma na bila kudabo asingemfikia mwenzake hata akishinda. Kati ya aina 13 za karata ni ree na mbili tu ndizo zisingempitisha 21. Ikaja mbili, akapita, watu wakapiga kelele, simu zikatolewa.

Sasa hapo ndipo hawa wauza fomula wanapopatia mtaji. Wanachukua video kama ile wanasema ona, jasiri ndio anakula, halafu wanakupachikia kale kamchezo ka zamani ka kudabo dau kila ukipigwa. Hebu tuhesabu wote: unaanza na dola 10, ukipigwa mara sita mfululizo zimeenda 630, mkono wa saba unatakiwa uweke 640 na kibao cha meza kinasema mwisho 500. Umekwama, na yote hayo ulikuwa unatafuta faida ya dola 10! Ni walewale wa mikeka ya uhakika, wamebadilisha picha ya profaili tu. Mwenye fomula inayoila kasino angekuuzia wewe kwa nini?

Na usidhani kasino inakuandalia mashindano kwa upendo. Kuna mengine hela zote za kiingilio zinarudi kwa washindi, kasino haichukui hata senti, na wateja wengine wanaalikwa bure kabisa. Wanachotaka ni wewe ukitolewa saa nane mchana, damu imechemka, hatua kumi kutoka hapo kuna meza ya kawaida, unakaa na unaendelea kubeti vilevile kama bado una zile chipu za mashindano. Na siku hizi nyingi ya meza hizo ukipata blackjack (ree na karata ya kumi, 21 kwa karata mbili za kwanza) kwa dola 10 wanakulipa 12 badala ya 15, imeandikwa pale pale kwenye kitambaa cha meza, watu hawasomi.

Huyo jamaa wa WhatsApp mdai hela yako leo, kabla hajaku-block.