Bagamoyo mpaka Tanga: nipite Saadani au nizunguke Msata?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi nipo Bagamoyo, Magomeni, nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7. Disemba hii tunataka kwenda Tanga kwa gari yetu wenyewe, basi tumelichoka maana linakimbia tu watoto hawaoni kitu. Mama mzazi tutakuwa naye, na yeye miguu inamvimba akikaa sana. Gari ni Toyota IST. Sasa nyumbani tumegawanyika, shemeji anasema pita Makurunge, Saadani mpaka Pangani utaona bahari na wanyama, mke wangu anasema ile njia itatulaza porini bora lami ya Msata. Mi moyo wangu upo Saadani kwa kweli ila sitaki mama aumie. Tuna siku nne. Nataka njia nzuri ya macho, sio ya kuwahi.
Baba Wawili, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana. Nakujibu kwanza halafu ndo nieleze: nendeni kwa Msata, bahari mtaifuata mkishafika Tanga, mkishuka Pangani kutokea huko. Saadani kwa Disemba na IST hapana, na nasema hivyo wakati ile njia naipenda kuliko zote za pwani yetu hii.

Shemeji hajakudanganya. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndo hifadhi ya taifa pekee Tanzania bara ambayo pori lake linashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Barabara yote kutoka Bagamoyo mpaka Tanga kupitia huko ni kilomita 256, na serikali imekuwa ikiijenga kwa lami kipande kwa kipande, pamoja na daraja la mita 525 pale mto Pangani. Lakini ujenzi wa vipande unaujua, unatoka kwenye lami unaingia kwenye kifusi, mara mchepuko, mara udongo mweusi, na Disemba mvua za vuli bado zinaweza kukukuta.

Mimi huo udongo umenifundisha. Nilipita huko msimu kama huo, mvua ilinyesha usiku tu, asubuhi jua kali, nikajua njia imekauka. Juu kweli ilikuwa imekauka. Kabla hatujafika Mkwaja gari ikazama mpaka tumbo likalala kwenye tope, nikikanyaga mafuta matairi yanazunguka tu palepale, ule udongo unaganda kwenye tairi kama ugali mpaka meno yote yanajaa na tairi linakuwa laini kama chungu. Tulikaa masaa matano. Vijana wa kijijini ndo walituokoa, walikuja na majembe na makuti, wakachimba, wakayapanga makuti chini ya matairi, wakasukuma huku wamezama mpaka magotini. Ndani ya gari nilikuwa na mtoto mchanga wa mdogo wangu na maji yalibaki chupa moja. Ndo maana nikisikia gari iko chini, mvua, na mama mwenye miguu ya kuvimba, siwezi kukwambia nenda. Ile njia iwekee Agosti, au ukipata gari ya juu yenye fowili, na ujaze mafuta hapohapo Bagamoyo.

Sasa njia ya Msata watu wanaidharau kwa sababu wameiona kwenye dirisha la basi. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Bagamoyo mpaka Msata ni lami kilomita 64 na malori sio mengi kama kule Chalinze, mnavuka bonde la Ruvu jua ndo linapanda, hapo usikimbie hata kidogo. Msata mnashika kulia kuelekea Segera. Mbele mnalikuta daraja la Wami, waonyeshe watoto lile la zamani, jembamba la gari moja moja, ambalo magari yote ya Tanga, Moshi na Arusha yalikuwa yanasubiriana hapo miaka na miaka. Waonyeshe mkiwa mnatembea, usipaki darajani.

Kuanzia hapo mpaka Segera pananyooka na ndo penye hatari, maana dereva anasahau mguu kwenye mafuta. Vijijini ni 50, na tochi za trafiki zipo. Mama akae mbele, kiti kirudi nyuma, viatu alegeze, na kila baada ya saa moja na nusu msimame ashuke atembee kidogo hata kama anasema hajachoka, wazee wetu hawasemi.

Segera mnakata kulia tena, na hapa ndo uzuri wa macho ulioutaka. Kushoto milima ya Usambara inaanza kujitokeza, bluu kwa mbali, halafu mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka mpaka unaona kama inazunguka gari ikienda. Waambie watoto kwamba mkonge sio wa kwetu, uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche yote aliyoagiza iliyopona ni 62 tu, hiyo 62 ndo ikazaa mashamba yote hayo. Mkikaribia Muheza ni machungwa pande zote mbili, kwenye ndoo, kwenye sado, kwenye nyavu zimening'inizwa. Simameni hapo muda mrefu. Mmama atamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, anabakiza ule weupe, anakata kofia juu anakupa unabinya unyonye. Hilo mtoto wa miaka 7 hatalisahau.

Siku ya pili ndo ya bahari. Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita 50, minazi na mkonge njia nzima, na bahari inachungulia kushoto. Njiani ipo Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ninyi wa Bagamoyo mmezoea ya Kaole kwahiyo mtayajua mkiyaona tu. Pangani mpelekeni mama pale ukingoni mwa mto akae kivulini aangalie ng'ambo ya Bweni na mitumbwi inavyokatiza, apate samaki na wali wa nazi, na ninyi mzunguke nyumba za zamani. Abushiri bin Salim, yule aliyewapiga Wajerumani huko kwenu Bagamoyo pia, alinyongewa Pangani Disemba 1889, mtakuwa mmefika mwezi uleule.

Siku ya tatu pumzikeni Tanga, ya nne mrudi. Amani, kule juu milimani Usambara, nimeiacha makusudi. Msitu ule na ile bustani iliyoanzishwa 1902 ni mahali pa ajabu, lakini kupanda kutoka Muheza ni rafu rodi yenye kona, ikilowa inateleza, na mama atarushwarushwa bure.

SWALI: Shangazi, wageni wangu wanakaa nusu siku tu hapa Tanga, niwapeleke Tongoni au mapango ya Amboni?
Dada wa Chumbageni

JIBU: Amboni mdogo wangu. Ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, barabara ya Horohoro, na kule ndani kwenye mawe ya chokaa hata mtu ambaye hapendi historia anatoka ameshika mdomo. Nendeni asubuhi, chukueni mtu wa kuwaongoza palepale msiingie wenyewe, kila mmoja avae viatu visivyoteleza, na simu zote ziwe na chaji maana muongozaji akizima taa yake kuwaonyesha giza la ndani mtazitafuta. Mwenye kanga ndefu aifunge juu, kuna sehemu mtapita mmeinama.