Kusoma pete za shakwe dikoni: jibu kwa ndugu yetu wa Tumbe

Assalaam aleikum. Nimesoma swali la ndugu yetu wa Tumbe, Pemba, aliyemwona kwenye diko lao, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, shakwe mwenye mgongo mweusi akiwa na plastiki yenye herufi mguuni. Kapiga picha mbili kwa simu na herufi hazisomeki vizuri. Anauliza nani kamvisha, picha azifanyeje, na kama kuna maana yoyote kuendelea kuwaangalia kila wiki. Wengine wameshamjibu kwa mkato, "mkamateni mumvue mjue imeandikwa nini." Yakhe, usimkamate. Mimi nafuatilia pete hizi Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kwa misimu kadhaa sasa, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kwa urefu.

Kwanza tumjue ndege. Huku kwetu ukisema shakwe, watu huchanganya angalau wawili. Yupo yule wa rangi ya kahawia iliyofifia, kichwa cheusi cheusi, mdomo mrefu wa njano-kijani wenye ncha nyekundu. Huyo ni wa bahari hii hii, huzaa visiwani kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Pakistani. Na yupo mkubwa mwenye kichwa cheupe, miguu ya njano, na mdomo wa njano wenye doa jekundu kwa chini. Huyo ndiye mgeni. Huja kaskazi ikianza kuvuma na wengi huondoka kabla masika hayajashika. Wenye mgongo mweusi ti ni wa Finland na nchi jirani za Bahari ya Baltiki. Wenye kijivu kizito ni wa Urusi ya kaskazini kabisa. Wale wa madoadoa ya kahawia msiwadharau, maana wamo watoto wa hao hao wakubwa. Shakwe huyu huchukua kama miaka minne mpaka avae rangi za ukubwani, na mguu wa mtoto huwa wa waridi hafifu, si wa njano. Mtoto mwenye pete ana thamani kubwa, kwa sababu aliyemvisha bado hajajua kama alifika popote.

Aliyemvisha ni mtu mwenye kibali maalumu, na mara nyingi kamvisha akiwa kinda, kabla hajaweza kuruka, kwenye visiwa vya mawe huko kwao mwezi wa Juni au Julai. Mguu mmoja huwa na pete ya chuma yenye namba na anwani. Kwa Finland anwani hiyo ni ya makumbusho ya Helsinki. Mguu wa pili huwa na pete ya plastiki ya rangi yenye herufi na tarakimu kubwa, ili isomwe kwa mbali bila kumgusa ndege. Kazi hii ni kongwe: mwalimu wa skuli wa Denmark, Hans Christian Mortensen, ndiye aliyeianza kwa utaratibu mwaka 1899, kwa kuvisha kwezi pete zenye namba na anwani. Ndege wa baharini siku hizi huvishwa chuma kigumu kwa sababu chumvi huila aluminiamu ikafutika maandishi.

Kutoka Helsinki mpaka Unguja ni zaidi ya kilomita 7,000 ukipima kwa mstari ulionyooka, na ndege hapiti mstari ulionyooka. Waliofungwa vifaa vya setilaiti kule Finland walionekana wakishuka kwa njia ya Mto Nile, na wengi wakaishia Ziwa Victoria. Kwa hiyo kule Mwanza na Kisumu wapo tele. Wanaofika pwani yetu ni wachache, na wanaosomwa pete pwani yetu ni wachache zaidi, kwa sababu tu hakuna anayewatazama miguu.

Sasa kusoma kwenyewe. Mkokotoni tunaelekea kisiwa cha Tumbatu, yaani magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwangu na miguu ya ndege inawaka. Jioni pale pale ni kazi bure, unaona vivuli vyeusi tu. Tumbe nyinyi mmekaa upande mwingine, tafuta mwenyewe saa yako, lakini kanuni ni hiyo: jua nyuma yako. Darubini ya kawaida ya mkononi inatosha kujua kama kuna pete. Kuisoma kunataka darubini ya kusimamisha kwa miguu mitatu, au kamera yenye kuvuta mbali, au subira. Shakwe akishiba husimama kwa mguu mmoja, na mguu aliouficha ndio wenye pete, siku zote! Usimfukuze ili aushushe. Ngoja chombo kingine kifunge gati, watasogea wenyewe.

Herufi huwa zimeandikwa kwa kusimama, na kwa kawaida husomwa kuanzia kwenye nyayo kwenda juu. Zikiwa tatu au nne huenda usizione zote mara moja kwa sababu pete imezunguka mguu. Ndege akigeuka unaona upande wa pili, na mara nyingi maandishi yamerudiwa. Ndiyo maana picha kumi za ndege mmoja akigeuka ni bora kuliko picha moja safi. Jihadhari na C na G, 0 na D, 1 na 7, H na N. Matope ya mikokoni hujaza kiungo cha herufi ukaona E ni F. Na kabla ya yote, hakikisha ni pete. Dikoni kwetu wapo shakwe waliozongwa na mshipi wa kuvulia wa kijani mguuni, ukikaza kama bangili, na kwa mbali watu huapa kwamba ni pete. Pete hulala sawa na huteleza kidogo ndege akitembea. Mshipi hubana na mguu huvimba juu yake.

Andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, na mguu upi. Mguu wa kulia ni kulia kwa ndege, si kulia kwako. Andika pia kama iko juu ya goti au chini yake.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo nina ugomvi nao kidogo. Mtu anaandika pete tu. Mimi ukiniambia umeona pete mbili nitakuuliza: katika miguu ya shakwe wangapi? Maana kuona shakwe mia si kuona miguu mia. Waliokaa majini huoni, waliolala mchangani huoni, waliojificha nyuma ya ngalawa huoni. Kwenye daftari langu kuna safu tatu: shakwe waliokuwepo, shakwe ambao miguu yote miwili imeonekana, na pete. Siku nyingi safu ya tatu ni sifuri, na sifuri hiyo naiandika. Bila sifuri huwezi kujua kama msimu huu pete zimezidi au wewe ndiye uliyezidi kwenda.

Jambo la pili ni mwezi. Wenzetu wa Ulaya huhesabu kwa tarehe za kalenda, katikati ya Januari kila mwaka, na kwao inafaa. Kwetu huku tarehe peke yake itakudanganya. Shakwe wa Mkokotoni anafuata dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, vyombo vinapumzika, majungu ya kuchemshia yanapoa, vichanja vya kuanikia vinabaki vitupu, na shakwe wanakwenda zao. Ukienda siku hizo utaandika kwamba wamepungua, kumbe wamehamia kwengine tu. Halafu yapo maji. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, mafungu mengi ya mchanga hubaki wazi hata maji yakijaa, kwa hiyo ndege wametawanyika mbali huko, hata kwa mashua huwapati wote. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mafungu yanazama, nao hulazimika kubanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki na kwenye vyombo vilivyotia nanga.

Sasa unganisha hayo mawili. Mwezi ukiandama tu, giza lipo, dagaa wapo, na bamvua ipo. Siku hizo chache za mwanzo wa mwezi ndizo za kusoma pete, asubuhi vyombo vinaporudi, na tena maji yanapojaa. Mbaamwezi, mwezi ukiwa mpevu, nayo ina bamvua lakini dagaa hakuna. Kwa hiyo mimi silinganishi Januari na Februari, nalinganisha mwandamo na mwandamo. Kila wiki, kama ulivyouliza? Kama una nafasi, sawa. Kama huna, chagua mwandamo kuanzia Novemba mpaka Machi na usiukose. Hiyo ni bora kuliko kwenda kila siku mwezi mmoja kisha kupotea.

Watu wa dikoni. Ukisimamisha darubini mbele ya mnada bila kusema neno, watakudhania mtu wa kodi au wa kukamata nyavu. Salimia kwanza, muulize mzee wa diko, mpe achungulie. Nilipompa ami mmoja nahodha achungulie mguu wenye pete, tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniita. Kina mama wa vichanjani ndio wanaojua zaidi, kwa sababu shakwe anawaibia wao. Waambie pia watoto wasiwatege kwa ndoana na chambo.

Ukimkuta amekufa na pete, usimshike kwa mikono mitupu; homa ya mafua ya ndege imeua ndege wengi wa baharini duniani miaka hii. Piga picha pete pande zote, inatosha.

Kuhusu faida: hakuna malipo, tusidanganyane. Unapeleka taarifa kwenye tovuti ya EURING, umoja wa vituo vya kuvisha pete vya Ulaya, au kwa kituo chenyewe kama anwani inasomeka, nao hukurudishia historia ya ndege: alivishwa wapi, lini, na nani mwingine alimwona njiani. Shakwe huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo historia inaweza kuwa ndefu kuliko umri wako. Na yapo makubwa zaidi. Hao wenye mgongo mweusi wamepungua sana kwao. Watafiti wa Finland walikuta kwenye makinda yaliyokufa mabaki yatokanayo na DDT, wakashuku kwamba wazazi huyabeba kutoka huku wanakokaa kipindi cha baridi. Dawa hiyo sisi tunaijua kwa mbu na mashambani. Watu wa namna hiyo wanahitaji kujua ndege gani hasa anakula wapi huku, na hilo haliwezi kusemwa na mtu aliyeko Helsinki.

Sasa picha zako. Ile ya kwanza iache, jua liko mbele yako. Ya pili naona pete nyeusi yenye maandishi meupe, mguu wa kushoto, na alama ya chini kabisa ni C au G. Ya juu yake imefunikwa na unyoya. Usibahatishe zilizobaki. Andika nukta mahali usipoona, taja siku, saa, jina la diko, na kwamba alikuwa mkubwa mwenye mgongo mweusi, uipeleke na picha yenyewe bila kuipunguza ukubwa. Whatsapp huibana picha, itume kwa barua pepe. Kisha mwezi ukiandama rudi pale pale kwenye chombo kile kile ulipomwona, maana shakwe aliyepata pahala pa kula huwa hapaachi haraka.