Maswali na majibu: Ramani kwenye usukani wa pikipiki

Barua za safari hii karibu zote zinahusu simu au kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye pikipiki. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asiutafute katikati ya mistari: njia ya pikipiki husomwa kabla ya kuwasha injini, na ukishaondoka husikilizwa kwa sikio. Kioo cha simu au cha GPS hutazamwa pikipiki ikiwa imesimama, mguu uko chini.

Naendesha bodaboda Mbagala. Simu naifunga kwenye holda ya usukani ili nifuate lokesheni za wateja. Siku hizi nikifungua kamera picha inacheza yenyewe na haitulii. Fundi simu anasema pikipiki ndiyo imeiua. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Simu nyingi za bei ya kati na za bei kubwa zina kamera ambayo lenzi yake haikukazwa. Inaelea juu ya springi na sumaku ndogo sana, na kazi yake ni kusogea kufidia mtikisiko wa mkono wako unapopiga picha. Sasa mtikisiko wa mkono ni kitu kidogo. Injini ya silinda moja inayotetemesha usukani kutwa nzima, ukiongeza matuta na rasta za barabarani, ni mzigo ambao springi ile haikutengenezewa. Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake waziwazi: wasiifunge iPhone kwenye pikipiki zenye injini yenye nguvu kubwa, na hata kwa pikipiki ndogo watumie holda inayopunguza mtetemo. Hilo si la iPhone peke yake. Kamera yoyote yenye herufi OIS kwenye maelezo yake ina mfumo wa aina hiyo.

Kamera iliyokwisha kuharibika hairudi kwa kuizima na kuiwasha, hubadilishwa. Kwa ijayo una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta simu ya bei ndogo isiyo na OIS, iwe ya kazi ya ramani tu. Ya pili ni holda yenye mpira laini kati ya kikono chake na usukani, ingawa hiyo hupunguza madhara, haiyamalizi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: simu ikae kwenye mfuko wa ndani wa koti, hedifoni sikio moja, sauti iwe ya kukuelekeza tu. Hapo umeiokoa kamera, umeiokoa simu na jua, na kibaka wa kwenye taa za barabarani hana cha kukwapua.

Mimi ni abiria. Dereva wangu wa asubuhi huendesha huku akitazama ramani kwenye simu, na mara nyingine anaandika kabisa. Nikimwambia anasema amezoea. Nimwambie nini?

Dada yangu, mwambie hesabu hii. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Akitupa jicho kwenye kioo kwa sekunde mbili, mmepita zaidi ya mita 33 hakuna anayeendesha. Ndani ya mita hizo daladala inaweza kusimama ghafla kushusha abiria, mtoto anaweza kuchomoka kati ya magari, au shimo likawapokea. Mazoea hayaufupishi umbali huo hata kwa hatua moja.

Kisha msaidie. Mwambie kabla hamjaondoka: “Kaka, tazama njia sasa, mimi nasubiri.” Madereva wengi huandika wakiwa mwendoni kwa sababu abiria anawahimiza na mteja wa pili anapiga simu. Ukimpa dakika moja ya kusimama umemwondolea presha hiyo. Kama unaijua njia, mwelekeze kwa mdomo mapema, si mkiwa mmeshafika kwenye kona. Akiandika tena, mwombe asimame, ushuke, na umlipe kwa sehemu mliyofika. Najua asubuhi kuna kuchelewa kazini. Shuka hivyo hivyo.

Bila bando GPS inafanya kazi?

Inafanya. Setelaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, zinarusha ishara bure kwa yeyote mwenye kipokezi, na simu yako inapokea tu, haizipelekei chochote. Bando linakula kwa ajili ya picha ya ramani, foleni za barabarani na kutafuta majina ya sehemu. Kwa hiyo pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye waifai. Google Maps inaruhusu, na programu kama Organic Maps na OsmAnd zimejengwa kwa kazi hiyo. Jambo moja tu: simu isiyo na data huchelewa kujua ilipo, kwa kuwa inabidi isubiri taarifa kutoka kwenye setelaiti zenyewe. Simama mahali peupe dakika moja au mbili kabla ya kuanza safari.

Shikamoo mwandishi. Nataka kutoka Mwanza kwenda Arusha kwa pikipiki yangu ya sisi 150 (ukubwa wa injini, cc). Ramani inanionyesha njia fupi ya kupitia Serengeti. Wenzangu wananiambia haipitiki. Ipi kweli?

Marahaba. Wenzako wanakupenda, wasikilize.

Ramani inachoona ni mstari wa barabara: kutoka Mwanza unafuata barabara ya Musoma, unaingia lango la Ndabaka, unakatisha hifadhi, unatokea Ngorongoro, Karatu, Makuyuni, hadi Arusha. Kwenye karatasi ni safi. Ila pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na sababu haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kumwona simba. Programu haijui sheria za langoni, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha zaidi ya kilomita 100 kutoka Mwanza na kugeuzwa langoni.

Njia yako ni ya kusini: Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, kisha Makuyuni na Arusha. Lami mwanzo hadi mwisho. Ni ndefu zaidi, lakini ina vituo vya mafuta, mafundi wa pikipiki na nyumba za wageni, na hivyo ndivyo mwenye sisi 150 anavyovihitaji. Na kama umeshafika Lamadi ndipo unaisoma safu hii, usirudi Mwanza. Shika barabara ya Bariadi na Maswa, itakutoa Mwigumbi, hapo umeingia barabara ya Shinyanga.

Ili programu isikurudishe kwenye mstari wake, usiiandikie “Arusha” peke yake. Iwekee vituo vya kati: kwanza Nzega, halafu Singida, halafu Babati. Na ufanye hivi pia, maana simu huzima: kata kipande cha selotepu ya karatasi, kibandike juu ya tangi la mafuta, andika kwa kalamu nene majina ya miji kwa mpangilio wake, na pembeni ya njia panda andika onyo lake. Tinde, usiende Kahama. Babati, usiende Kondoa. Karatasi hiyo haihitaji chaji, na ukiinamisha macho unaisoma ukiwa umesimama kwenye kituo cha mafuta huku unajaziwa.

Neno moja kuhusu muda: saa unazoonyeshwa mara nyingi zimepigwa kwa mwendo wa gari. Pikipiki yenye mzigo, upepo wa Singida kifuani, na mgongo unaohitaji kunyooshwa kila baada ya muda, havimo kwenye hesabu hiyo. Igawe safari siku mbili, na usiku usiendeshe.

Mteja ananitumia lokesheni, nafika, namkuta hayupo. Kumbe yuko mtaa wa nyuma. GPS ya simu yangu mbovu?

Huenda nzima kabisa. Mahali peupe simu ya kawaida hukosea mita tano hivi. Ukiwa katikati ya maghorofa ya Kariakoo ishara za setelaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia, na kosa linakuwa kubwa zaidi. Halafu kuna hili: mteja akiwa ndani ya nyumba ya bati au ghorofani, simu yake ndiyo iliyokosea kabla hata hajakutumia. Kwa hiyo kila lokesheni iambatane na swali la kienyeji: karibu na nini? Msikiti upi, duka la nani, geti rangi gani? Nyumba nyingi siku hizi zina namba ya anwani ya makazi na mitaa ina vibao. Mwombe jina la barabara na namba ya nyumba. Dar es Salaam ina bahati nyingine. Kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, vijana wa vyuo na wakazi wenyewe walichora kata kwa kata vichochoro, mifereji na majengo, na kazi yao imo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na ambayo Organic Maps huitumia. Ukifungua Organic Maps ukiwa Tandale utaona vijia ambavyo ramani nyingine hazina. Hiyo ni kazi ya miguu ya watu, na ninaiheshimu sana.

Nimeweka chaja ya USB kwenye pikipiki. Sasa nikiilaza siku chache, asubuhi stata haigeuki. Chaja ndiyo mwizi?

Kuna uwezekano mkubwa. Fundi wako ameiunga moja kwa moja kwenye betri, hivyo inakula umeme hata funguo umeondoka nayo. Zile chaja zenye taa na namba za volti ndizo mbaya zaidi, maana taa haizimi. Betri ya pikipiki ni ndogo. Kinachoonekana tone kwa gari, kwake ni kikombe.

Mwambie fundi aihamishe, aiunge kwenye waya unaopata umeme funguo ikiwa imefunguliwa tu. Aweke fyuzi ndogo karibu na betri. Chaja ya simu moja huvuta kama ampea moja, basi fyuzi ya ampea mbili au tatu inatosha. Maungio ayafunike vizuri, na waya usipite pale ambapo usukani ukikatwa hadi mwisho utaubana. Kata usukani kulia na kushoto mbele yake kabla hujalipa. Waya uliobanwa na kuchubuka karibu na tangi la mafuta si jambo la kuahirisha.

Nimemnunulia mwanangu pikipiki ya biashara hapa Morogoro. Nataka kuifunga GPS nijue iko wapi. Je, hiyo hiyo itamwonyesha njia?

Shikamoo mama. Hapana, ni vifaa viwili tofauti ingawa vyote watu huviita GPS. Unachokitaka wewe ni cha kufuatilia: kinafichwa ndani ya pikipiki, kina laini ya simu, kinapata mahali kilipo kutoka setelaiti kisha kinakutumia wewe kwa ujumbe au kwenye programu. Hakina kioo wala hakimsemeshi dereva. Laini yake ikiishiwa salio kinanyamaza, na hilo ndilo linalowapata wengi siku pikipiki inapoibwa. Pikipiki ikifungiwa ndani ya chumba, utaona sehemu ya mwisho iliposomeka.

Vifaa vingi vina uwezo wa kuzima injini kutoka mbali. Hapo naomba unisikilize sana, mama. Kuzima pikipiki iliyo mwendoni kwenye barabara kuu, malori yakiwa nyuma, ni kumuweka mtu kwenye hatari ya kufa, awe mwizi au mwanao uliyemdhania mwizi. Kuna mpangilio wa kusubiri hadi mwendo upungue kabisa ndipo injini izime. Mwambie fundi auweke na aujaribu mbele yako. Na mwambie mwanao kwamba kifaa kipo. Akikigundua mwenyewe ataona humwamini. Akiambiwa, kinakuwa ulinzi wenu wote wawili.

Ninunue Garmin ya pikipiki au simu inatosha?

Kwa kazi za mjini simu inatosha. Garmin zūmo, vifaa vya GPS vilivyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, na ndugu zake zinajilipa kwa msafiri wa masafa: kioo kinaguswa ukiwa na glavu, maji hayaingii, mwanga wake unashindana na jua la mchana, na mtetemo zimetengenezewa. Simu ikipigwa jua la saa saba kwenye usukani hupata joto, hufifisha kioo, mwisho hujizima. Apple wenyewe wanataja nyuzi joto 35 za hewa kuwa kikomo cha matumizi ya iPhone, na joto la Moshi mwezi wa pili mnalijua. Kabla ya kulipa, hakikisha kifaa kina ramani ya Afrika Mashariki ndani yake. Vingi vinavyoletwa mitumba kutoka Ulaya vina ramani ya huko tu.

Niko Nairobi. Ramani inanilazimisha kupanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, na pikipiki haziruhusiwi huko juu. Nifanye nini?

Programu yako iko kwenye alama ya gari. Kwenye Google Maps chagua alama ya pikipiki, kisha kwenye mipangilio ya njia washa ya kuepuka barabara za kulipia. Itakuteremsha ufuate Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way za chini. Fanya hivyo ukiwa bado stejini, na ukifika karibu na Mlolongo usikie sauti inakwambia upande juu, ipuuze, baki kushoto.