Nyumba nanunua mimi, ardhi ya mtu mwengine: yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Kisauni, nimepata nyumba ya vyumba sita, mwenyewe ataka laki tisa lakini ardhi si yake, kila mwezi analipa kodi kwa mwenye shamba. Kununua hivo yafaa? Hiyo kodi si riba? Na mwenye shamba ataka elfu hamsini ndo anibadilishie jina. Majirani nao waniambia nikishahamia nisilipe, ati ardhi ile waliporwa wazee wetu.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu.

Kununua yafaa. Hapa Mombasa mitaa mizima imejengwa hivo, Majengo, Kisauni, Likoni. Lakini ujue wanunua nini: kuta, milango na mabati, mchanga ulio chini si wako. Muuzaji lazima akwambie wazi, manake Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kutughushi si katika sisi. Riba haimo, riba ni nyongeza juu ya deni na hii ni ijara, walipia kukaa juu ya ardhi ya mtu.

Penye kasoro ni muda. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kusema tu "kila mwezi shilingi kadhaa" bila kutaja mpaka lini, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi, yaani mkataba huo haushiki. Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi nenda kwa mwenye shamba na mashahidi wawili, muandikiane miaka mingapi na kodi kiasi gani, na muda ukisha nyumba itakuwaje. Hili la mwisho ndo linaloliza watu. Maulamaa wetu wamesema kama hukushurutishwa kuvunja, mwenye ardhi hana ruhusa kukutoa mikono mitupu: akuachie kwa kodi, au ainunue nyumba kwa thamani yake, au aivunje na akulipe ilichopungua. Lakini ukitia sahihi kwamba utabomoa mwenyewe basi utabomoa, Allah amesema "Enyi mlioamini, timizeni mikataba".

Mzee mmoja alinijia baada ya alasiri na mfuko wa plastiki umejaa risiti, zingine wino umefutika hazisomeki, analipa tangu kijana na hana hata mstari mmoja wa mkataba, mwenye shamba amekufa na watoto wake wataka kuuza. Nilikaa naye mpaka magharibi tukizipanga kwa miaka, na moyo uliniuma sana, kwa sababu jina lake halikuwa hata kwenye moja, zote zimeandikwa "mpangaji" basi. Wewe yako iandikwe jina.

Ile elfu hamsini, ikiwa yaingia kwenye mkataba wako mpya na umeridhia, ni sehemu ya kodi, hakuna ubaya. Ikiwa muuzaji bado ana miaka yake aliyoilipia, mwenye shamba hana haki ya kuchukua kitu kwa kubadilisha jina tu.

Na hao majirani, uchungu wao naujua. Ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwafaa waliojua karatasi, wengi waliokuwa wakilima wakakosa. Na aliyepora hata shibri moja atavikwa ardhi saba shingoni siku ya Kiyama, hadithi iko Bukhari na Muslim. Lakini dai hilo lapelekwa kortini. Wewe ukishakubali kodi na kutia sahihi, kujificha chumbani mwenye shamba anapokuja na kitabu cha risiti hakufai.

Wallahu aalam.